Kabla hujanunua mashine ya kupikia bia nyumbani, soma kwanza haya

Ikifika Novemba huku Marekani ofa zinaanza, na kila mwaka lazima kuna mtu kwenye grupu letu la Wabongo wa Minnesota anatuma picha ya mashine ya kupikia bia nyumbani anauliza wadau hii vipi, naona imeshuka bei karibu nusu. Na kila mwaka namjibu kwa voisi ndefu mpaka watu wananilalamikia. Mwaka huu nimeamua niandike vyote sehemu moja, atakayeuliza ntamtumia hii na mimi nilale.

Nimemiliki mbili. Ya kwanza ni zile ndogo za kukaa juu ya kaunta jikoni, lita tano kwa mpiko mmoja, unanunua kifurushi cha kampuni chenye kimea na hopsi (maua ya kuipa bia uchungu na harufu) ndani, unachomeka, unabonyeza, unaondoka. Ya pili ndo ninayo mpaka leo, ni sufuria refu la stili lenye koili ya umeme chini, pampu, kikapu cha nafaka ndani na kidude cha kupangia joto na muda. Majina ya kampuni sitaji, sitafuti kesi na mtu, na pia kuna watu wana hizohizo na wanazipenda.

Kitu ambacho tangazo halikuambii ni kwamba mashine inafanya kazi ya kupika tu, na kupika ndo sehemu fupi kuliko zote. Ni masaa manne matano hivi basi. Bia yenyewe inatengenezwa na hamira baada ya hapo, wiki mbili tatu, ukitaka lager ya kweli, ile bia inayochachushwa kwenye baridi, hata zaidi ya mwezi, na muda wote huo mashine nyingi zimeshamaliza kazi yake zinakaa zinakuangalia, aliyebaki ni wewe na ndoo yako na joto la nyumba yako. Watu wengi wanaokata tamaa na hizi mashine hawakatishwi na kupika, wanakatishwa na hizo wiki.

Ngoja nieleze kidogo kwa asiyejua, maana ukielewa hapa hela yako itakuwa salama. Kimea cha shayiri kinasagwa nusunusu, kinalowekwa kwenye maji ya moto kama nyuzi 65 hadi 68 kwa saa moja, hapo vimeng'enya vya kimea vinageuza wanga kuwa sukari. Ukikaa chini kwenye 63, 64 unapata bia kavu nyepesi, ukipanda 69, 70 inabaki na uzito na utamu kidogo, ukipitiliza 77 hivi vimeng'enya vinakufa na mchezo umeisha. Unachuja, unabaki na kitu kitamu kama togwa, hicho unakichemsha saa nzima na hopsi. Hopsi za mwanzo zinatoa uchungu maana uchungu unahitaji kuchemka muda mrefu, za dakika za mwisho zinatoa harufu. Unapoza haraka mpaka nyuzi 20 hivi kama ni ale (bia isiyohitaji baridi kama lager), unatia hamira, unafunika, unasubiri.

Sasa kwenye kushikilia joto na kuhesabu dakika mashine ni bingwa, sibishi hata kidogo. Sisi wa Uchagani tunajua kazi ya pombe ilivyo, mbege ni ndizi mbivu zichemshwe, ulezi uchipuzwe usagwe upikwe uji, gome la msesewe litiwe kwa ajili ya uchungu, na yote hayo mama anapima kwa mkono na ulimi. Nilimwelezea shangazi yangu aliyeko Kibosho kwa simu jinsi mashine yangu inavyofanya, akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na hiyo mashine inaonja?" Nikamwambia hapana shangazi, haionji. Akasema "haya," akahamia kwenye habari za kahawa.

Tuje kwenye hela. Ile ndogo niliinunua zaidi ya dola mia tano, ikiwa kwenye ofa. Kifurushi kimoja kikawa kati ya dola 25 na 30 ukijumlisha na kusafirisha. Lita tano kwa hesabu ya karatasi ni chupa 15 za ml 330, lakini chini ya ndoo kunabaki tope la hamira huwezi kulimimina, kwahiyo unapata kama 13. Piga mwenyewe, ni dola mbili hivi au zaidi kwa chupa kabla hujahesabu mashine, sabuni, umeme na jumamosi yako. Dukani hapa bia nzuri tu ya kiwanda kidogo unaipata kwa bei hiyohiyo ikiwa baridi tayari. Kwahiyo akikuambia mtu utaokoa hela kwa mashine ya vifurushi mwambie akuonyeshe hesabu. Ukinunua kwa sababu unapenda kupika na kujaribujaribu, hapo sawa, hiyo ni starehe kama zingine na starehe ina bei yake.

Na mpiko wa kwanza ulitoka vizuri, tena vizuri sana, hilo nalo niseme ukweli. Shemeji zangu walikuja jumapili wakanywa wakasema hii siyo ya nyumbani, umenunua ukabadilisha chupa. Nilijisikia mtu mkubwa wiki nzima. Ndo maana watu wananasa.

Shida ilianza kwenye kitu ambacho sikukifikiria wakati nanunua, nacho ni kwamba ile mashine haiwaki bila intaneti. Unachomeka kifurushi, inasoma namba yake, inaenda kuuliza seva ya kampuni mapishi, ndo inaanza. Seva ikilala na wewe unalala. Imenitokea asubuhi nimeshasafisha kila kitu, kioo kinaniambia hakuna mawasiliano, waifai ya ndani ipo vizuri watoto wanaangalia katuni, tatizo liko kwao huko. Unapiga simu unaambiwa subiri. Baadaye vifurushi nilivyokuwa navipenda vikaanza kukosekana, mara vimeisha, mara aina imefutwa, na bei ikapanda kidogokidogo. Nikaona huku siko, nikaiuza kabla mambo hayajawa mabaya zaidi, kwa bei ya kutupa.

Na haya hayakunikuta mimi peke yangu. Wapenzi wa hizi mashine wanaikumbuka PicoBrew ya Seattle, kampuni iliyoanzishwa 2010, ikachangisha hela kwenye mtandao wa Kickstarter 2013 kwa mashine ya Zymatic na tena 2015 kwa ile ndogo iliyoitwa Pico, watu maelfu wakanunua. Mashine zilikuwa zinategemea seva za kampuni kupata mapishi. 2020 kampuni ikaanguka ikawekwa chini ya msimamizi na mali zake zikauzwa. Wenye mashine wakabaki na masanduku ya stili juu ya kaunta yasiyo na mwenyewe. Kilichowaokoa wengi ni jamaa wachache wenye akili za kompyuta waliotengeneza programu ya bure inayojifanya ndo seva ya kampuni, unaiweka kwenye kikompyuta cha Raspberry Pi hapohapo nyumbani, mashine inadanganyika inapika. Kama wewe ni mtu wa IT utafurahia hiyo kazi kuliko hata bia. Kama siyo mtu wa IT, utaweka mashine gereji.

LG nao walionyesha yao kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES Las Vegas Januari 2019, ya kapsuli (vikopo vidogo vyenye viungo ndani), lita tano, na ile angalau inachachusha humohumo ndani kwa wiki mbili hivi. Wazo la kuchachusha ndani ya mashine ni zuri maana inashika joto la hamira. Lakini swali linabaki lilelile, kapsuli zikiacha kutengenezwa utapikia nini.

Kwahiyo leo mtu akiniuliza mashine gani, kabla ya bei namwuliza hivi: ukizima waifai inawaka? Unaweza kuingiza mapishi yako kwa vidole kwenye kioo chake bila simu? Inakubali kimea cha duka lolote au lazima cha kwao? Pampu ikifa, mpira wa kuziba ukichakaa, unapata spea kwa mtu mwingine au kwao tu? Jibu likiwa "kwao tu" mara mbili, mimi nageuka. Hata iwe nzuri vipi kwa macho.

Haya, usafi. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibu ndoa.

Kwenye video kijana anabonyeza kitufe anaenda kutembeza mbwa. Hawakuonyeshi anavyorudi. Baada ya kupika una machicha ya kimea ya moto yanayodondosha maji, una mipira ya kupitishia bia imejaa maji ya sukari, una pampu yenye mabaki ya hopsi, na kila kitu kilichogusa bia baada ya kupoa kinatakiwa kisafishwe na kuuliwa vijidudu. Ukiacha mipira mpaka kesho sababu umechoka, baada ya siku chache kuna ukungu ndani na huwezi kuingiza brashi. Zile ndogo zina "programu ya kujisafisha" inayozungusha maji ya moto, inasaidia, lakini vichujio na mipira lazima uvitoe kwa mkono. Mimi nazungusha maji ya moto na sabuni ya unga ya vifaa vya bia mara tu baada ya kupika kabla hata sijakaa chini, halafu maji matupu mara mbili, halafu naacha vifuniko wazi vikauke. Kwa vijidudu tumia ile dawa ya tindikali isiyohitaji kusuuza, povu lake lisikutishe, ukisuuza na maji ya bomba ndo unarudisha vijidudu. Na usitumie jiki kwenye stili, inaitoboa taratibu.

Machicha ni mengi kuliko unavyodhani. Kule Moshi yangegombaniwa na wenye ng'ombe. Hapa kiangazi nampa jirani mwenye kuku, baridi ikija nayaweka kwenye mfuko wa takataka za kuoza nayatoa nje siku hiyohiyo, maana yakilala ndani usiku mmoja tu yanaanza kunuka tindikali. Mke wangu alivumilia mara ya kwanza. Mara ya pili akaniambia baba, chagua, jikoni au bia. Ndo nikahamia besimenti, chumba cha chini ya nyumba, na kusema kweli ningeanzia huko.

Besimenti ya Minnesota ni zawadi kwa mpika bia. Msimu wa baridi inakaa kwenye nyuzi 16, 17, hamira ya ale inapenda sana. Watu wengi hawajui kwamba hamira ikianza kazi inatoa joto lake yenyewe, ndani ya ndoo panaweza kuwa nyuzi kadhaa juu ya joto la chumba. Kwahiyo chumba cha nyuzi 24 kiangazi, ndani ya ndoo inapita 27, na hapo hamira inatoa aina ya pombe nzito inayounguza koo na kukupasua kichwa kesho yake. Nimeinywa hiyo, sitaki kurudia. Dawa ni friji la mitumba na kidhibiti cha joto cha kuchomeka ukutani, jumla haikufika dola mia na hamsini. Nakuambia, hiyo dola mia na hamsini ilibadilisha bia yangu kuliko mashine zote mbili. Kama una bajeti ya dola elfu usiweke elfu yote kwenye mashine, weka nusu, nyingine itoe friji na vitu vingine.

Pia usiwe na haraka. Bia ikiwa na harufu ya siagi au ya tufaa bichi mara nyingi umeitoa mapema, hamira ilikuwa bado haijasafisha uchafu wake, iache siku mbili tatu zaidi na joto lipande kidogo. Nunua haidromita, kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, ni dola chache tu. Ilianza 1.050, leo inasoma 1.010, keshokutwa bado 1.010, basi imeisha, na hiyo ni kama asilimia 5 na robo ya kilevi. Kinachosemwa na programu ya simu kwamba "bia yako iko tayari" ni ubashiri, haidromita haibashiri.

Hii ni muhimu hasa kwa wanaojaza chupa, kwa sababu ukiongeza sukari ya kutengeneza gesi kwenye bia ambayo haijamaliza, chupa zinalipuka. Sitanii, vioo vinaruka. Kwa lita tano gramu 30 hadi 35 za sukari zinatosha, pima kwa mizani usipime kwa kijiko, na tumia chupa za bia za kahawia zenye kioo kinene, zile angavu zinapitisha mwanga unaoharibu bia, inanuka vibaya. Mimi baadaye nilihamia kwenye kegi za zamani za soda za lita 19 na mtungi wa gesi, shinikizo psi 10 hadi 12 kwenye baridi ya friji, wiki moja iko tayari. Ni gharama nyingine, lakini kuosha chupa hamsini usiku wa jumapili na kesho una shifti ya alfajiri, hapana.

Maji nayo. Maji ya bomba ya miji yana klorini au kloramini, na ikikutana na kimea inaleta ladha ya dawa ya hospitali. Klorini unaweza kuichemsha ikatoka, kloramini haitoki kirahisi, tumia vidonge vya metabisulfaiti, kipande kidogo tu cha kidonge kimoja kinatosha mpiko mzima. Mashine haiwezi kukuambia hilo.

Mashine yangu hii ya pili ni ya umeme wa hapa Marekani, volti 120 ambazo watu wanaziita 110, koili ya wati 1600. Kutoka kwenye kuloweka mpaka kuchemka lita 25 hivi inachukua saa nzima na ushei, kwahiyo siku ya kupika ni siku kweli. Inakula kama ampia 13 na soketi nyingi za nyumba za hapa breka yake ni ya 15, mtu akiwasha maikrowevu kwenye laini hiyohiyo umeme unakatika na bia inapoa katikati. Itafutie laini yake peke yake. Faida ya Januari ni kwamba maji ya bomba yanakuja baridi ya barafu, koili ya kupozea inashusha sufuria zima haraka ajabu. Julai unasubiri na kusubiri.

Na gharama kwa chupa imeshuka sana maana nanunua kimea kwa gunia na hopsi kwa paketi kubwa, hapo ndo naweza kusema napata bia nzuri chini ya dola moja. Lakini hapo nimeshakuwa mpikaji. Mashine inanishikia joto tu, mengine nimejifunza.

Watu wakijua unapika, maombi yanaanza. Mangi tuuzie kegi mbili kuna graduesheni. Usiuze. Sheria ya shirikisho aliyoisaini Rais Carter 1978 inaruhusu mtu mzima kupika galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, bila kodi, lakini siyo kwa kuuza. Majimbo nayo yana ya kwao, Mississippi na Alabama walikubali 2013 tu, kwahiyo angalia ya unapoishi. Na kuna jamaa kila mara ananiuliza kama hii sufuria inaweza kutoa gongo. Kukeneka pombe kali nyumbani bila kibali ni kosa la shirikisho, usiniletee hayo maneno.

Swali la mwisho ambalo naulizwa sana siku hizi ni la kuipeleka nyumbani, mtu anataka kuiweka kwenye kontena aende nayo Arusha au Dar. Usipeleke ya 110. Ukichomeka koili ya 110 kwenye 230 inavuta nguvu karibu mara nne ya iliyotengenezewa, itaungua siku hiyohiyo, na transfoma ya kubeba wati 1600 mfululizo ni nzito na ghali. Nunua ya 230 inayouzwa Ulaya. Shayiri inalimwa kwetu huko Monduli na Karatu lakini inaenda viwandani, kwahiyo panga mapema utapata wapi kimea kwa kilo, na hopsi utazibeba kwenye begi, zikiwa zimefungwa bila hewa na zikikaa friza zinadumu. Umeme ukikatika katikati ya kuloweka usihangaike, funika sufuria na blanketi, joto linashuka polepole na kimea kinaendelea na kazi yake, ukirudi endelea ulipoishia. Ukikatika wakati wa kuchachusha kwenye joto la Dar, hapo ndo kazi, bora ujaribu hamira za kveik kutoka Norwei, zenyewe nyuzi 35 hazizisumbui.